Gereji mbili, gari moja: 30,700 ya kubahatisha na 4,000 ya kutengeneza

Wacha nianze na pesa ndio muelewe hasira yangu inatoka wapi. Gereji ya kwanza imenikula 30,700, fundi wa pili 4,000, na hiyo 4,000 ndio ilitengeneza gari. Majina siweki. Zote ni za hapa Nairobi, ya kwanza iko Industrial Area, wa pili ako Kariobangi Light Industries, na gari ni ile wagon ya Kijapani ya 1500cc ya mwaka 2012 ambayo imejaa kila estate, niliitoa Mombasa 2019 ikiwa na miaka saba kwa sababu ikipita nane hairuhusiwi kuingia. Sitaji kampuni iliyoiunda pia, hawana kosa hapa, mpira wa miaka kumi na kitu ukipasuka utamlaumu nani.

Ilianza Ijumaa jioni. Nilikuwa nimeenda kuchukua mamangu stendi ya Machakos Country Bus, ametoka ushago na kuku wawili kwa kikapu na gunia la maembe, tukaingia Jogoo Road na jam ilikuwa ile ya kusonga mita mbili halafu unasimama, mita mbili unasimama, AC imewaka kwa sababu mama hapendi moshi wa matatu. Tumefika karibu na Hamza, gari ni otomatiki, iko kwa D, mguu uko kwa breki, nimesimama kabisa nyuma ya matatu, injini ikapanda yenyewe. Mshale wa RPM, ile ya kasi ya injini, nauona kwa macho yangu ukitoka 800 kwenda karibu 2,000, hakuna mtu amegusa mafuta. Gari ikaanza kusukuma. Nikabonyeza breki zaidi nikapata pedali imekuwa ngumu kama jiwe, yaani haishuki, si kwamba imezama, haishuki. Nikafanya kile kila mtu anafanya, nikaachilia nikakanyaga tena, nikaachilia nikakanyaga, kama mara tatu nne hivi, na kila nikikanyaga inakuwa ngumu kuliko ile ya kwanza, na hapo ndio tukabusu bampa ya matatu.

Sijui ni Mungu ama ni mkono wenyewe ulijua, nikasukuma gia ikaingia N na nikavuta handbreki. Injini ikanguruma lakini gari ikaacha kusukuma. Konda akashuka, akaangalia taa yake ya nyuma, akaniangalia, akasema "Madam, si ungengoja tu kama sisi wengine." Nikamtumia ngiri moja kwa M-Pesa tukaachana vizuri. Mama alikuwa ameshika dashibodi na mikono yote miwili, kuku wametulia kimya, akaniuliza pole pole, "Mwanangu, hii gari uliombewa?"

Sasa gereji ya kwanza. Nisiwe muongo, mahali pasafi sana. Viti vya ngozi, chai na maji baridi, Wi-Fi, fundi wote wamevaa ovaroli safi mpaka unashangaa wanafanya kazi saa ngapi. Kijana wa mapokezi akaniandika kwa fomu, nikamweleza kila kitu vile nimewaeleza hapa, akanisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza, "Madam, siku hiyo ulikuwa umevaa viatu gani?"

Nikajua mahali tunaelekea. Na nitasema ukweli, swali lenyewe si baya. Kaka yangu alikuja kunieleza baadaye kwamba kule Marekani miaka ya themanini kulikuwa na kelele kubwa kuhusu Audi 5000 kukimbia zenyewe, serikali yao ikachunguza na 1989 ikasema nyingi ya hizo kesi ni dereva alikanyaga mafuta akidhani ni breki. Inatokea, na inatokea hata kwa watu wameendesha miaka thelathini, wala hawadanganyi, mguu umewadanganya. Kwa hivyo niulize. Lakini ukishaniuliza na nimekujibu kwamba nilikuwa na raba, nilikuwa nimesimama, na pedali chini ya mguu ilikuwa ngumu haishuki, basi endelea na swali la pili. Mtu aliyekanyaga mafuta pedali yake inashuka mpaka kwa kapeti, haiwi ngumu. Huyu kijana hakuwa na swali la pili. Alicheka kidogo akaandika kwa fomu "gari inakimbia" na chini yake "breki hazishiki", mistari miwili, na hiyo mistari miwili ndio ikawa bili mbili.

Waliweka mashine ya kusoma kompyuta, 2,000. Mashine ikasema hakuna kosa. Mimi si fundi lakini hata mimi najua mashine ikisema hakuna kosa hiyo haimaanishi gari ni nzima, inamaanisha kompyuta haijaona. Wao wakaamua ni throto bodi, ule mlango wa kuingiza hewa kwa injini ukikanyaga mafuta. Si kuosha, kubadilisha. Ya mtumba kutoka Japani, 14,000. Upande wa breki wakabadilisha pedi za mbele 4,500, wakaskim diski, yaani kuchonga uso wake uwe laini, 3,000, mafuta ya breki 1,200, leba ya yote 6,000. Nilipouliza throto bodi yangu ya zamani iko wapi niliambiwa ilitupwa. Ilitupwa wapi? Kwa pipa. Pipa liko wapi? Gari la taka limeshapita. Sawa.

Nilichukua gari Alhamisi, na Ijumaa yote iliendesha vizuri sana, pedi mpya nazo zinashika, nikaanza hata kujilaumu kwamba nilikuwa nawadhania vibaya. Jumamosi saa nane mchana, jua kali, Outering Road pale kwa kushuka Donholm, jam, AC, RPM ikapanda na breki ikawa jiwe. Safari hii sikupampu. Nilikanyaga mara moja na mguu wote, nikaingiza N, nikasogea kando, nikazima. Nikakaa hapo nikatetemeka dakika kumi hivi na hapo hakuna mtu nimegonga.

Niliwarudia Jumatatu. Meneja mwenyewe akaja, mtu mzuri wa maneno, akasema sasa itakuwa ni sensa ya pedali ya mafuta, 18,500, "lakini kwako madam tutafanya 17." Nikamuuliza mmejuaje ni hiyo. Akasema kama si ile basi ni hii. Nilichukua funguo zangu. Kuhusu throto bodi, akanionyesha karatasi imebandikwa ukutani, vifaa vya umeme havirudishwi. Leba je? Leba ni kazi imefanyika. Mpaka leo nimerudishiwa shilingi sufuri na meseji moja ya kuniuliza nipe huduma yao nyota ngapi. Nyota mbili, moja ya chai na moja ya pedi, kwa sababu pedi kweli zilikuwa zimeisha.

Wa Kariobangi nilielekezwa na mwenzangu wa kazi. Ni mzee, sijui miaka sitini, ako na kibanda cha mabati na nafasi ya magari matatu yakibanana, chini ni matope na mafuta, benchi ni kiti cha matatu kimetolewa kwa gari. Nikafika saa tatu asubuhi nikapata ako chini ya pikap ya mtu, miguu tu ndio inaonekana, akanisalimia akiwa huko chini.

Alipotoka hakufungua boneti. Hiyo ndio kitu ya kwanza nilinotisi. Alipangusa mikono akasimama kwa dirisha la dereva akaanza kuuliza. Gari ilikuwa imesimama ama inatembea? AC ilikuwa on? Ilikuwa imetembea kwa muda gani kabla ianze, yaani injini ni moto ama baridi? Mguu ulikuwa wapi? Nikasema kwa breki, nikangoja ile sura ya viatu. Akauliza, "Pedali ilizama ama ilikuwa ngumu?"

Ngumu, mzee.

"Ngumu na RPM ikapanda, wakati mmoja?"

Wakati mmoja.

"Sasa mama, wewe huna shida mbili. Una shida moja."

Akanieleza na mimi nitajaribu kuwaeleza vile nilielewa. Breki za gari ndogo huwa hazishiki kwa nguvu ya mguu wako peke yake, kuna ile kitu nyeusi ya mviringo nyuma ya injini upande wa dereva, kubwa kama sufuria ya ugali, inaitwa busta. Busta inasaidia mguu kutumia ule uvutaji wa hewa wa injini, na huo uvutaji unaletwa na paipu moja ya mpira kutoka kwa manifold, yale mabomba ya kupeleka hewa ndani ya injini. Hiyo paipu ikipasuka mambo mawili yanatokea pamoja. Busta inakosa uvutaji, pedali inakuwa ngumu. Na injini inaanza kunyonya hewa kupitia hapo palipopasuka, hewa ambayo haikupita kwa throto, na kwa gari kama yangu ambayo kompyuta inapima presha ya hewa ndani ya manifold, inaona hewa imeongezeka inaongeza petroli, RPM inapanda. Ndio maana kubadilisha throto bodi hakukusaidia kitu, hewa ilikuwa inaingilia mlango wa nyuma. Na kwa sababu gari ni otomatiki na iko kwa D, RPM ikipanda inasukuma, na wewe hapo hapo breki zimekuachia kazi yote ya mguu.

Ile ya kupampu pia akanieleza. Kila ukikanyaga na kuachilia breki unatumia akiba kidogo ya uvutaji iliyobaki kwa busta, na injini ikiwa inanguruma hivyo haitengenezi nyingine ya kutosha, kwa hivyo mara mbili tatu akiba imeisha na umebaki na mguu tu. Kanyaga mara moja, kwa nguvu yote, usiachilie. Niliwaza ile bampa ya matatu nikanyamaza.

Halafu akafanya kitu ambacho gereji ya 30,700 haikufanya na hakihitaji mashine. Akaniambia nizime injini, nikanyage breki mara tano sita mpaka pedali iwe ngumu, nishikilie hapo mguu ukiwa juu, halafu niwashe. Busta ikiwa nzima na paipu ni nzima, injini ikiwaka pedali inazama kidogo chini ya mguu, unaisikia kabisa. Injini ikiwa baridi ilizama, lakini kidogo sana, kwa uvivu. Akasema tungoje ipate moto. Tukaiwacha inanguruma na AC, yeye akarudi kwa pikap yake, na hapa nitamkata nyota kidogo kwa sababu "tungoje ipate moto" ilikuwa saa moja na nusu, na ndani yake kulikuwa na chai na mandazi ambayo mimi sikuitwa.

Aliporudi akarudia ile kitu ya kuzima na kukanyaga. Pedali haikuzama hata kidogo. Akafungua boneti sasa. Akaomba simu yangu imulike, akaingiza mkono nyuma ya injini akitafuta kwa vidole bila kuangalia, kama mtu anatafuta chenji kwa mfuko wa koti, halafu akasema "Hapa." Akaniambia nisikize. Kulikuwa na sauti fsss ndogo ambayo ningedhani ni feni. Akachukua plaisi, akafunga mdomo wake na kitambaa ndio isikate mpira, akabana ile paipu upande wa injini. RPM ikashuka kutoka 1,800 mpaka 750 kama mtu amezima kelele. Akaachilia, ikapanda. Akabana, ikashuka. Mara tatu, ananiangalia, hasemi kitu.

Paipu ilikuwa imepasuka upande wa chini, karibu na klipu ya busta, mahali huwezi kuona ukiangalia kutoka juu. Ikiwa baridi mpasuko unajifunga, ikipata joto la jam mpira unalegea unafunguka. Ndio maana ilikuwa inakuja na kwenda, na ndio maana Ijumaa nzima sikuona kitu. Alipoitoa akaikunja mbele yangu, ilikuwa imekauka mpaka inatoa mistari kama mguu wa mtu ametembea kwa vumbi bila mafuta.

Spea nilienda kutafuta mimi mwenyewe na boda mpaka Kirinyaga Road, wazee bado wanaiita Grogan na ukiwaambia Kirinyaga wanakuangalia kama mgeni. Mzee alinipa ile ya zamani niende nayo kama sampo, na akanionya kitu kimoja: wataniuzia mpira wa petroli, nikatae. Na kweli duka la kwanza kijana akanikatia futi mbili ya mpira wa kawaida, soo tatu, "hii itafanya kazi hiyo hiyo madam." Haifanyi. Paipu ya busta haisukumwi kutoka ndani, inanyonywa, mpira laini unajifinya kama mrija wa soda na breki zinakuwa ngumu tena. Duka la tatu nikapata yenyewe, mtumba wa Japani lakini mzima, na ile valvu ndogo ya ndani inayozuia hewa kurudi, 2,500. Mzee akapuliza valvu na mdomo, upande mmoja hewa inapita upande mwingine inakataa, akasema iko sawa. Kufunga haikufika nusu saa. Leba 1,500.

Kabla sijaondoka akainama kwa mlango wa dereva akavuta kapeti. Nilikuwa nimeweka zile nene za kushonwa ambazo watu wanauza kwa paking, juu ya kapeti iliyokuja na gari. Hakuniuliza, alitoa tu ile ya juu akaitupa kiti cha nyuma. Akasema kapeti moja upande wa dereva, na ishikwe na kulabu zake, kwa sababu hiyo ya juu ikiteleza mbele inalala kwa pedali ya mafuta. Nikadhani ni mambo ya wazee, mpaka kaka yangu akanitumia ile stori ya California, Agosti 2009, Lexus ya kuazimwa kutoka kwa dila, kapeti ya gari aina nyingine ikabana pedali ya mafuta, watu wanne wa familia moja wakafa, na dereva alikuwa polisi wa barabara kuu. Toyota, wenye hiyo Lexus, ikaita mamilioni ya magari yarudi kurekebishwa kwa sababu ya kapeti, na Januari 2010 ikaita mengine kwa sababu ya pedali zinazonata. Watu wakasema lazima ni kompyuta, mpaka NASA wakaitwa kuchunguza, na ripoti ikatoka 2011 ikisema hawakupata hitilafu ya umeme ya kueleza kukimbia kwa magari. Kapeti, jamani. Mimi nimeendesha na mbili miaka minne.

Tukaenda kuizungusha, yeye ndio dereva, tukapita Outering mpaka karibu Taj na kurudi, jam ipo, AC ipo, jua lipo. Akikaribia gari la mbele anakanyaga breki na kidole cha mguu, kihalisi, amevua kiatu. RPM haikusonga. Siku hizi ile ya kuzima, kukanyaga, kuwasha naifanya kila asubuhi kwa paking kabla ya kutoka, sekunde kumi, na askari wa geti ameshaniuliza kama gari ina shida ya kuwaka.

Mabaya yake niyaseme pia. Risiti utaomba mara tatu, na itakuja imeandikwa kwa karatasi ya daftari, kwa hivyo kama ni gari ya ofisi hapo hapatakufaa. Choo ni cha hoteli ya jirani na utanunua soda kwanza. Mambo ya wiring na airbag hashiki, anakwambia wazi nenda kwa mtu wa wiring, na mimi hiyo naihesabu kama uzuri. Usiende na haraka, na usiende na gari inang'aa, ile njia ya kuingia ikinyesha utaacha bampa hapo. Nyota nne na nusu, nusu nimekata ya mandazi.

Na kama itakufanyia ukiwa barabarani kabla hujafika kwa fundi yeyote, breki mara moja kwa nguvu bila kuachilia, gia N hata injini ipige kelele namna gani, kando, simama, ndio uzime. Usizime gari ikiwa bado inakimbia, stelingi inakuwa nzito, na ukichomoa funguo inaweza kujifunga kabisa. Zile za kitufe, kubonyeza mara moja gari ikitembea kwa kawaida hakuzimi, unashikilia sekunde kadhaa, kwa hivyo N ndio ya kukimbilia.

Mzee hufungua saa mbili mpaka saa kumi na moja, Jumamosi mpaka saa saba, Jumapili ako kanisani. Ukifika Light Industries uliza mtu wa busta na masta silinda, watakuonyesha, na ukimpata chini ya gari msalimie miguu tu, atakujibu.